Spiriti ya Basi la Kwaya

Mlevi aliyeacha pombe huacha mara mbili. Kwanza huiacha chupa. Kisha hungoja mwenzake aache kumshuku, na hilo la pili haliko mikononi mwake. Byamungu aliiacha chupa zamani, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kabla hata hawajaitwa kwenye usaili wa kwanza wa kuja Marekani. Tangu siku hiyo hakuna tone lililopita kooni mwake. Majirani zake wa Highview, upande wa kusini wa Louisville, walimjua kama baba mtulivu anayewapeleka watu hospitali kwa gari lake bila kuulizia mafuta. Kanisa lilimjua vivyo hivyo, likamkabidhi ufunguo wa basi.

Aliyebaki ni mkewe. Jioni Byamungu aliporudi kazini, Nzigire alimpokea mfuko mlangoni, akasogea karibu zaidi kidogo kuliko inavyohitajika kupokea mfuko. Byamungu alijua kwamba ananuswa. Hakutamani nyumba ya ghorofa wala gari jipya. Alitamani jambo moja tu, kwamba mwanamke huyu aliyemzalia binti yao Alliance na kumvumilia matopeni amwamini.

Kazi yake ilikuwa katika karakana ya mabasi huko Jeffersontown, kwenye eneo la viwanda, na huko ndiko alikolijua lile basi kabla kanisa halijalinunua. Lilikuwa basi kuukuu la shule. Mchungaji Theogene alipolileta, vijana walilipaka rangi nyeupe, lakini manjano iliendelea kuchungulia kwenye bawaba za milango. Lilikuwa na breki za upepo, za mtindo wa kale. Byamungu alilizunguka, akainama, akaona kopo la chuma limefungwa kwenye bomba linalotoka kwenye pampu, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na mzee wa ukoo.

Wasiozijua breki za upepo waelewe hivi. Injini huzungusha pampu, pampu huvuta hewa ya nje, huibana na kuisukuma kwenye matangi. Dereva akikanyaga, upepo huo hutoka mbio kwenda kwenye magurudumu. Lakini hewa haiji peke yake, huja na unyevu wake. Ikibanwa kisha ikapoa, unyevu hugeuka maji, kama jasho kwenye mfuniko wa sufuria. Wakati wa joto maji hayo hukaa chini ya tangi, na dereva huvuta kamba ya kuyamwaga. Wakati wa baridi kali huganda kwenye kona za mabomba na kwenye valvu, na basi lenye uzito wa ndovu kadhaa hushindwa na donge la barafu lisilozidi punje ya harage.

Lile kopo ndiyo dawa yake. Hutiwa spiriti, si ya kunywa. Upepo unaopita hapo huichukua spiriti kama mvuke na kwenda nayo kila unakokwenda. Popote palipo na maji, spiriti huchanganyika nayo, na maji hayo hayagandi tena. Ni kinga. Barafu ikishakaa, kopo peke yake haliiondoi upesi. Kwa hiyo, baridi inapokuja, mwenye basi hutazama kopo kila asubuhi. Hupunguza upepo kabla ya kufungua kifuniko, asije akarushiwa spiriti machoni. Hukagua gasketi ya mpira na kusafisha kichujio. Hatii mafuta ya taa, hatii dawa ya rejeta, na maji ndiyo kabisa hayatakiwi. Wakati wa kiangazi huliacha tupu.

Mabasi mapya yana kikaushio chao, hayahitaji kopo. Hili lilihitaji, na Byamungu alilihudumia kwa moyo wote. Ubaya ni kwamba spiriti hiyo ina harufu. Breki zikipumua, zinapumua nayo. Ukimiminia kopo, mkono wa koti unabeba harufu mpaka nyumbani. Jioni ya kwanza alipofika hivyo, Nzigire alipokea mfuko, akasogea, kisha akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

Hapo ndipo Byamungu alipokosea. Mtu mwenye dhamiri safi angesema, “Mama Alliance, ni spiriti ya breki, njoo nikuonyeshe.” Maneno hayo yasingemchukua muda. Lakini alihisi uchungu wa mtu anayeshukiwa bure, na uchungu huo ukamfunga mdomo. Akavua koti akaliacha nje. Kesho yake dumu la spiriti alilihamisha kutoka kwenye gari, akalificha kwenye stoo ya kibaraza, nyuma ya masanduku. Kunyamaza si kusema uongo, lakini kimya na uongo hukaa vyumba vinavyopakana, na ukuta baina yao ni mwembamba.

Kanisa ndugu la Buffalo, mbali kaskazini, lilikuwa limepata jengo lake, na kwaya ya Louisville ilialikwa kuimba siku ya kuliweka wakfu. Asubuhi ya safari ilikuwa na manyunyu, hali ya hewa ya mafua, si ya theluji. Wanakwaya walipanda na mablanketi, vyungu vya sombe, kile kisamvu cha Kikongo, na mizigo isiyojulikana ni ya nani. Byamungu alichukua dumu stoo, akajaza kopo haraka huku watu wanamwita huku na huku. Harufu ilikuwapo, ingawa hafifu. Hakulitazama jambo hilo mara mbili.

Waliendesha vizuri mpaka Columbus, wakalala katika kanisa la Wakenya. Mwenyeji wao alikuwa Jeptoo, muuguzi mchangamfu aliyeishi jirani na kanisa na aliyeongea kama mtu anayewahi zamu. Usiku baridi ilishuka kwa ghadhabu. Asubuhi kila kitu kilichokuwa kimelowa kilikuwa kioo.

Byamungu aliwasha basi mapema. Injini ilikubali. Akangoja mshale wa kipimo cha upepo upande. Ulipanda kidogo, ukasimama. Akaongeza moto, mshale haukujali. Bila upepo breki za kuegesha hazifunguki, na hata kama zingefunguka yeye asingethubutu kulitoa basi pale. Wanakwaya walikuwa wameshapanda, wamejikunja kwenye viti, mvuke unawatoka midomoni.

“Bon, dereva,” aliita Adolphine, kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye sauti ya kufukuza ng’ombe. “Tunaenda ao hatuendi? Ile solo ya Nyimbo ya Tatu iko inaganda mu shingo yangu!”

“Breki hazina upepo, mama. Mungoje.”

“Ile gari inapenda kulala. Inafanana na mwenye kuiendesha, vile alikuwa analala mu mutaro kule Nakivale!”

Watu walicheka, kisha wakakumbuka nani ameketi kiti cha nne, wakaacha. Nzigire alikuwa anatazama dirishani. Mchungaji Theogene alisema tu, “Mama Adolphine,” na Adolphine akajishughulisha na glovu zake.

Byamungu alizima injini, akaweka vigingi kwenye magurudumu, akatoa upepo kidogo uliokuwamo. Kamba za kumwagia matangi zilikuwa ngumu, zimeganda. Akafungua kifuniko cha kopo. Spiriti ya breki haigandi hata katika baridi ya kupasua mawe, lakini ndani ya kopo alikuta uji wa barafu. Alichovya kijiti, akanusa. Kwa mbali, chini kabisa, spiriti. Juu yake, maji.

Alisimama na kijiti mkononi. Alikuwa amewahi kunusa mchanganyiko huo.

Enzi za ulevi wake kambini, Nzigire alikuwa na desturi yake. Hakuvunja chupa, maana chupa iliyovunjwa huleta ngumi. Alimwaga kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, kisirisiri, akaacha kiasi cha kidole kimoja chini ili harufu isipotee, kisha akajaza maji. Byamungu alikunywa maji yale majuma mengi akidhani muuzaji amemdhulumu, hata siku moja akaenda kumkaba muuzaji shati. Siri aliijua baada ya kuokoka, mkewe alipomsimulia, wakacheka pamoja.

Sasa hakucheka. Kwa muda ule wote alidhani ananuswa tu. Kumbe alikuwa ameshahukumiwa.

Mchungaji Theogene alikuja akivuta kofia masikioni. “Papa Byamungu, ulisahau dawa?”

“Niliweka, Mchungaji.”

“Mbona imeganda?”

Byamungu aliinua macho, akaona uso wa Nzigire kwenye dirisha. Neno moja lingemweka yeye huru na kumweka mkewe uchi mbele ya kwaya nzima. “Niliimimina bila kuikagua,” akasema. “Fundi hukagua.” Ilikuwa kweli, na aibu ya kweli hiyo ilimstahili. Lakini ilikuwa nusu ya kweli, naye alijua.

Mtu mmoja akashauri yaletwe maji ya moto yamwagwe kwenye mabomba. Byamungu alikataa, maana maji ya moto yangekuwa barafu nyingine baada ya muda mfupi. Mwingine akataka spiriti nyingi imiminwe moja kwa moja kwenye mabomba. Alikataa hilo pia, kwani spiriti tupu ikigusana na mipira ya valvu huikausha na kuipasua. Kilichotakiwa ni joto kavu, polepole, penye kona ile ya chini kati ya kopo na tangi la kwanza, na kwenye vifunguo vya kumwagia maji ya matangi.

“Joto kavu?” alisema Jeptoo. “Si hiyo ni blodraya tu? Aki mimi niko na mbili, na wamama hawa wa kwaya msiniambie hamkubeba zenu. Nywele hizo hazijajinyoosha zenyewe.”

Wanawake wakatazamana, kisha mizigo ikafunguliwa. Zilitoka draya za nywele za kila rangi. Jeptoo alivuta waya mrefu kutoka jikoni mwa kanisa. “Nipe na jina la hiyo spiriti,” alimwambia Byamungu. “Naenda duka la spea za malori.”

“Sema spiriti ya breki za upepo. Ukirudi usiilete hapa mpaka draya zote zimezimwa. Inashika moto, na mwali wake huuoni vizuri mchana.”

Akatandika maboksi chini ya basi, akajilaza chali, akaingia. Alikuwa ameelekeza draya ya kwanza kwenye kona ya bomba alipoona miguu ya mtu aliyevaa buti za binti yao Alliance. Nzigire alilala chali kando yake, na draya ya pili.

“Elekeza kwenye kifunguo cha tangi,” Byamungu alisema. “Usiigusishe.”

Draya zilivuma. Maboksi yalikuwa yamelowa tayari.

“Baba Alliance. Ni miye.”

“Najua.”

“Ulijua saa gani?”

“Nilipofungua kopo. Mu hii Amerika yote hakuna mtu mwingine mwenye kuacha kidole kimoja chini ndiyo anajaza maji.”

Nzigire alitoa pumzi iliyotaka kuwa kicheko, ikageuka njiani. “Nilikuwa natafuta sanduku. Nikaona dumu, imefichwa. Donc, mwenye kuficha, anaficha nini? Nikasoma alcool, ile neno iko sawa na mu Kifaransa. Nikanusa. Nikamukumbuka Ngarambe.”

Byamungu alimkumbuka pia. Ngarambe alikuwa jirani yao kambini. Alikunywa asubuhi kitu alichouziwa kama kanyanga, na magharibi akauliza kwa nini watu hawawashi taa, ilhali taa ilikuwa mbele ya uso wake.

“Nikasema,” Nzigire aliendelea, “heri ukasirike, kuliko unikalie mu nyumba na unaniuliza kwa nini siwashe taa.”

“Ni ile ile,” Byamungu alisema taratibu. “Ile yenye ilimuua Ngarambe macho. Ni sumu. Si ya mtu, ni ya bomba.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Kwa sababu kila jioni unaninusa.”

“Nakunusa kwa sababu huniambiaka kitu!”

Kila mmoja akatazama chuma kilicho juu ya pua yake. Kila mmoja alikuwa amesema haki, na haki zao zilikuwa zimegandisha mabomba. Watu wanaopendana wakiweka ulinzi mahali pa mazungumzo, madhara hayabaki chumbani mwao. Kwaya nzima ilikuwa inatetemeka juu ya vichwa vyao, nao wangeweza kutetemeka vibaya zaidi katikati ya barabara kuu.

“Nilikosea kuificha,” Byamungu alisema.

“Nami nilikosea kuimwaga. Nilipaswa kukuwekea dumu mezani na kukuuliza.” Alipangusa pua kwa glovu. “Lakini siwezi kukuwongopea, Baba Alliance. Pengine nitakunusa tena. Pua yangu ilizoea.”

“Ninuse. Lakini uniulize pia.”

Kitu kilinguruma ndani ya bomba. Kisha kifunguo cha tangi kilitema tone, matone, na mwisho mkondo mwembamba wa maji machafu uliomwagikia Nzigire kwenye mkono wa koti. Alipiga kelele. Byamungu naye alipiga kelele, ya furaha.

Alipotoka chini ya basi, Nzigire hakukung’uta nguo. Alipanda ngazi, akasimama penye kiti cha dereva, uso una mafuta meusi.

“Bandugu,” alisema, “dereva hakusahau dawa. Miye niliimwaga na nikaweka maji. Nilizani amerudia pombe. Hakurudia. Sijui mutanisamehe namna gani, lakini musimushike yeye.”

Mchungaji Theogene alikuwa amefungua mdomo, na huenda alikuwa na mahubiri mazima, lakini Adolphine alimtangulia.

“Mama Alliance! Kumbe ulibatiza breki kwa maji mengi?”

Basi zima liliangua kicheko. Adolphine hakucheka na wengine. Aliinuka, akatembea mpaka mbele, akateremka hadi kwa Byamungu. “Ile neno ya mutaro,” alisema kwa sauti ndogo ambayo hawakujua kwamba anayo, “niliisema mbele ya watu. Nitaifuta mbele ya watu.” Na aliifuta, akiwa amesimama kwenye barafu, bila mzaha.

Draya zilizimwa, zikarudishwa ndani. Ndipo spiriti mpya ikaletwa. Byamungu alilitoa kopo, akaumwaga uji wote, akalipangusa kwa kitambaa kikavu, akatazama kichujio, akapitisha kidole kwenye gasketi kutafuta ufa. Nzigire alisimama pale pale akiuliza, hiki ni cha nini, na kile, naye alijibu kila swali kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuulizwa jambo. Akajaza mpaka kwenye alama, akafunga. Injini ikawashwa. Mshale ulipanda polepole, ukapita pale ulipokwama, ukaendelea mpaka pampu ikapumua kuonyesha kwamba matangi yameshiba. Akamwaga tena matangi, akajaza tena.

“Shukeni wote,” alisema. “Nitalijaribu kwenye uwanja, likiwa tupu.”

Wote walishuka, isipokuwa mmoja.

“Na wewe, Mama Alliance. Jaribio ni la mtu mmoja.”

“Nimekwisha kaa,” alisema Nzigire, kwenye kiti cha nyuma ya dereva, mikono magotini.

Hakumbembeleza. Alizunguka uwanja wa maegesho, akakanyaga taratibu, akakanyaga kwa nguvu, akasimama kwenye mteremko, akarudi. Magurudumu yote yalishika. Kwaya ilipoona hivyo ilipanda bila kungoja kuitwa.

Walifika Buffalo wamechelewa. Theluji ya ziwani ilikuwa imezika uzio wa jengo jipya, wakfu ulikuwa umeshamalizika, na wenyeji, Wakongo na Warundi waliotoka zamu za viwandani, walikuwa wameketi kula. Waliimba hivyo hivyo, watu wakiwa na vijiko mikononi, na solo ya Adolphine ilitoka na mkwaruzo. Hawakupewa nafasi ya pili. Kosa lina gharama yake hata baada ya kusamehewa, na ni vizuri watu wazima wakaijua.

Kesho yake asubuhi, walipokuwa wanajiandaa kurudi, Byamungu alikwenda kukagua basi. Kopo lilikuwa limepungua kiasi. Alikuwa bado anainama pale aliposikia theluji inalia chini ya viatu. Nzigire alikuwa ameleta dumu mwenyewe kutoka kwenye boksi la basi.

Tangu waoane hakuwahi kumpa mumewe mkononi chombo chenye kileo. Sasa alimnyooshea dumu.

“Hii hapa,” alisema. “Chai iko karibu kuiva. Usikawie.”

Alipokuwa anafungua kifuniko, Byamungu aligeuza shingo. Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni, amempa mgongo, anakung’uta theluji kwenye buti. Aliingia ndani, akafunga mlango.